Kibodi ya rangi na betri iliyotolewa: kisa cha tovuti iliyoanguka kuamkia Ijumaa Kuu

Simu iliita saa 1 na robo usiku, Alhamisi ya kuamkia Ijumaa Kuu. Mpigaji ni mama mmoja mwenye nyumba ya wageni kule Raskazone, hapa Tanga, mteja wangu wa zamani ambaye kwa miaka miwili nilikuwa nimemkabidhi kwa kijana mmoja wa Ngamiani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hebu niangalizie, tovuti yangu inaongea Kizungu."

Aliyewahi kushika kazi hizi hahitaji maelezo zaidi ya hayo. Tovuti ya mama yule ni ya Kiswahili kitupu, maneno aliyachagua mwenyewe, mpaka kitufe cha kutuma tulibishana nacho. Ikianza kuongea Kizungu, anayeongea ni WordPress yenyewe, programu inayoiendesha. Tangu toleo la 5.2 la mwaka 2019 ina sentensi moja ya kumwonyesha mgeni pale msimbo wa PHP, lugha iliyoandikiwa, unapogoma njiani, kwamba tovuti hii imepata hitilafu. Nikafungua kwenye simu na kuikuta: ukurasa mweupe, mstari mmoja katikati, basi.

Nikampigia kijana.

"Kaka, umeme umekatika nikiwa napakia," akasema kabla hata ya salamu. "Kompyuta imezima, intaneti imezima, na simu ina asilimia 9."

Kwangu Chumbageni pia giza, lakini simu ilikuwa na chaji ya kutosha. Kwa hiyo matengenezo ya kwanza ya kisa hiki yalifanywa kwa kidole gumba, nimekaa kibarazani. Niliingia kwenye jopo la seva, ile kompyuta ya mbali inapokaa tovuti, kupitia kivinjari cha simu, nikafungua faili la functions.php, na mstari wenye mgogoro ulikuwa mpya, mbichi kabisa:

require get_template_directory() . '/inc/bei.php';

PHP ina njia mbili za kuvuta faili jingine. Ukitumia include na faili lisionekane, italalamika kidogo na kuendelea na safari. Ukitumia require, faili lisipokuwepo inatia breki palepale. Nikaenda kwenye folda ya inc: bei.php haimo. Nikarudi, nikauzima ule mstari kwa alama mbili za mkwaju mbele yake, nikapakia ukurasa upya. Bado Kizungu. Safari hii aliyegoma alikuwa header.php, nalo jipya, linaita kazi iitwayo bei_ya_msimu() ambayo sasa haikuwepo popote. Ikabidi niiandike mimi chini ya functions.php, toleo la kimaskini lenye mstari mmoja unaorudisha 45000, huku nikitafuta mabano ya mawimbi kwenye kibodi ya simu, kurasa mbili ndani. Dakika 11 kwa jumla. Tovuti ikasimama, ila kwa bei ya zamani. Bei ya Pasaka ilipaswa kuwa 60,000 kwa usiku.

Kabla hatujamaliza kurekebisha hilo, wageni wawili walishaweka nafasi ya siku tatu tatu kwa 45,000. Mama akasema ameandika mwenyewe, ataheshimu alichoandika. Shilingi 90,000 zikaenda. Hakumlaumu mtu kwa sauti, na hilo lilimchoma kijana kuliko angefokewa.

Meza ilivyokuwa

Asubuhi ya Ijumaa Kuu nikapanda baiskeli, nikavuka reli, nikaenda kwake Barabara ya 14. Nilikuwa sijafika kwenye chumba chake cha kazi tangu ahamie, na nakiri kwamba niliingia nikatamani. Skrini mbili za inchi 24 kwenye mikono ya chuma. Kibodi ya vitufe vya kubofya, inayowaka rangi za upinde wa mvua zinazotembea kutoka kushoto kwenda kulia. Kipanya chenye vitufe pembeni. Kihariri chake, yaani programu ya kuandikia msimbo, ni VS Code, kama sehemu kubwa ya vijana wa sasa, na nilipohesabu viongezi alivyoviweka vilifika 61. Ana fonti maalumu ambayo ukiandika alama ya sawasawa na ya mkubwa-kuliko zinaungana kuwa mshale mmoja mzuri. Anaweza kukueleza kwa nusu saa kwa nini mandhari ya giza aliyochagua haichoshi macho, na ukamwelewa.

Chini ya meza ndipo palipokuwa na kisa. Waya mmoja wa soketi tano, zote zimejaa, ruta ikiwa ya mwisho. Na kompyuta mpakato inayoendesha ufalme wote huo ilikuwa haina betri. Ilivimba mwaka juzi, akaitoa kwa usalama, jambo la busara kabisa, kisha hakununua nyingine. Kompyuta ilikuwa inaishi kwa waya wa ukutani. Umeme ukipepesa jicho, nayo inazima.

Sikumcheka, kwa sababu najua hali hiyo inavyoanza. Skrini ya pili unaiona kila siku, na mteja akija anaiona. Betri huioni mpaka siku moja. Sisi mafundi wa tovuti tukikutana, mazungumzo yanakwenda kwenye kihariri gani, mfumo gani, fonti gani. Sijawahi kusikia mtu akijisifu kwa ruta iliyofungwa betri.

Dakika zenyewe zilivyokwenda

Tulikaa tukapanga upya jioni ile kwa saa za mafaili, maana kila faili linabeba saa yake ya mwisho kuguswa.

Saa 12:40 jioni alikuwa amemaliza bei.php, faili linaloangalia tarehe ya leo na kuamua kama ni msimu wa kawaida, Pasaka, Idi au mwisho wa mwaka. Kazi nzuri, naisema bila kumpendelea. Akafungua FileZilla, programu ya kupandisha mafaili kwenye seva, akaburuta folda nzima ya mandhari ya tovuti kutoka kushoto kwenda kulia.

Kwa nini folda nzima, wakati aliyagusa mafaili matatu? Hakuwa na hakika kama ni matatu. Mchana kutwa alikuwa akipita hapa na pale, na hakuwa na chombo cha kumwambia amegusa nini. Ukikosa uhakika unabeba vyote. Ndani ya folda hiyo kulikuwa na folda ya assets yenye picha za vyumba alizopiga mama kwa simu, kila moja ikikaribia MB 4, na kulikuwa na node_modules, ile folda ya vifaa vya kujengea ambayo seva haina haja nayo hata kidogo, yenye mafaili madogo maelfu.

FTP, njia ambayo FileZilla ilipitishia mafaili hayo, ni mzee. Kanuni zake zinazotumika hadi leo ziliandikwa mwaka 1985, na kwa kila faili inafungua muunganisho mpya wa kupitishia data, inatuma, inafunga, inarudia. Mafaili elfu moja ya KB 2 yanachukua muda mrefu kuliko faili moja la MB 2, kwa sababu muda mwingi unaishia kwenye kubisha hodi. FileZilla isipobadilishwa hutuma mafaili mawili kwa wakati mmoja. Ilianza na yale ya juu: functions.php likapanda, header.php likapanda. Kisha ikaingia assets na kuanza kusukuma picha. Folda ya inc ilikuwa kwenye foleni nyuma yake.

Akawa anasubiri. Na mtu anayesubiri mbele ya msimbo wake hatulii. Akarudi kwenye kihariri, akaona koma isiyopendeza kwenye bei.php, akaisogeza, akabonyeza Ctrl na S. Saa 12:44. Feni ikapunguza mwendo, skrini zote mbili zikawa nyeusi.

Seva ikabaki na kichwa kipya kwenye kiwiliwili cha zamani. Kichwa kinaita bei, kiwiliwili hakijui bei ni nini. Kwa nusu saa nzima hakuna aliyejua isipokuwa wageni waliokuwa wakitafuta chumba.

Kijana alikuwa na maelezo yake, na si ya kijinga. Alisema tatizo ni umeme. Nikamwambia umeme wa mtaani kwetu ni kama mvua za masika: hujui siku, unajua zipo. Mwenye nyumba akiloweshwa na masika hasemi tatizo ni mawingu. Akanyamaza kidogo, akasema, "Sawa kaka, lakini hata ningekuwa na betri, si ruta ingezima?" Hapo alinishika. Ingezima. Betri peke yake ingemwokoa yeye, isingeiokoa tovuti. Namna ile ya kupakia ilikuwa na shimo la dakika kadhaa ambamo tovuti si ya zamani wala si mpya, na chochote kikitokea ndani ya shimo hilo, iwe umeme, mtandao, bando kuisha au mtoto kujikwaa kwenye waya, matokeo ni yaleyale.

Faili lililojaa hewa

Kulikuwa na msiba wa pili ambao mama hakuujua. Umeme uliporudi saa 4 usiku, kijana alifungua bei.php ili alipandishe. Faili lipo. Jina lake lipo. Ukubwa ni KB 6, kama ulivyokuwa. Ndani hakuna hata herufi moja. Kihariri kilikataa kwanza kulionyesha, kikidai si faili la maandishi, na alipolazimisha likajaa NUL NUL NUL NUL kwa rangi nyekundu, toka juu mpaka chini, kama ukuta uliochorwa na mtu mwenye hasira.

Alidhani ni virusi. Ni jambo la kawaida kwenye Windows umeme ukikatika ghafla. Ukibonyeza kuhifadhi, mfumo unajibu "tayari" wakati maneno yako bado yako kwenye kumbukumbu ya muda, yakisubiri kuandikwa kwenye diski kwa nafasi. Mpangilio wa diski wa NTFS unatunza daftari la mabadiliko ili jina la faili, ukubwa wake na mahali pake visivurugike. Daftari hilo halitunzi kilichomo. Kwa hiyo ukubwa uliandikwa, nafasi ikatengwa, na umeme ukaondoka kabla maneno hayajafika. Ni kama barua iliyosajiliwa posta, bahasha ipo, karatasi imebaki mezani kwako.

Sasa hapa ndipo nilipotaka kucheka na kulia. Alikuwa amekaa hadi saa 8 usiku akiandika bei.php upya kwa kukariri. Asubuhi nilipofika akanionyesha, macho mekundu. Nikamwomba afungue ule upande wa kushoto wa VS Code ambapo mafaili yanaorodheshwa, ashuke hadi chini kabisa, kuna kipengele kimejikunja kinaitwa Timeline. Hakuwahi kukifungua. Tangu toleo la 1.66, la Machi 2022, kihariri hicho kinaweka nakala ya faili kila unapohifadhi, kimyakimya, kwenye folda yake ya pembeni. Tukabonyeza. Nakala ya 12:31 ipo, ya 12:38 ipo, ya 12:40 ipo, kamili, kasoro ile koma.

Viongezi 61 alivyovitafuta mwenyewe, na kitu pekee alichokihitaji usiku ule kilikuja na programu yenyewe. Tulipolinganisha nakala ya 12:40 na ile ya kukariri, ya kukariri ilikuwa imesahau Idi.

Mzozo wa fedha

Alikuwa ameweka akiba ya shilingi 350,000. Alikuwa akitaka skrini ya tatu, ya wima, ya kusomea msimbo mrefu. Baada ya kisa akabadili wazo: anataka kompyuta mpya, na hii aiuze. Mimi sikuona kosa la kompyuta. Ina RAM ya GB 16 na diski ya SSD, kwa kazi za WordPress inatosha na kubaki.

Tuliishia hivi. Betri mpya ya mpakato, 110,000. Hiyo ndiyo UPS, yaani kifaa cha kushikilia umeme ukikatika, iliyo bora kwa mtu wa mpakato na tayari mashine imetengenezewa nafasi yake. Siku moja yenye betri nzima na zile NUL zisingetokea. Kisha ruta. Ruta yake, ukisoma kibandiko cha chini, inakula volti 12 na ampea 1, yaani wati 12 ikijitahidi sana. Betri ya volti 12 yenye ampea-saa 7, ile ndogo nzito ya kengele za wezi, ina wati-saa 84. Kwa hesabu ya karatasi ni saa 7, ila betri za risasi hazipendi kukamuliwa zaidi ya nusu, kwa hiyo hesabu saa 3 na ushukuru. Fundi wa redio wa mtaani alimfungia betri hiyo na chaja yake kwenye boksi la plastiki kwa jumla ya 75,000. Mwanzoni alifikiria kununua inveta kubwa ili iendeshe kila kitu. Nikampinga: unageuza umeme wa betri kuwa wa ukutani, kisha chaja ya ruta inaurudisha kuwa wa betri, na kila hatua inakula chake. Ruta inataka volti 12 na betri inatoa volti 12, waache wazungumze wenyewe.

Skrini zake zinazima umeme ukikatika. Ziache zizime. Giza likiingia unafanya kazi kwenye kioo kidogo cha mpakato, unahifadhi, unamalizia ulichoanza.

Na simu ibaki na chaji na bando. Ruta ikikata roho, hotspoti ya simu ni mguu wa tatu wa kigoda.

Njia mpya ya kupandisha

Fedha zilikuwa sehemu rahisi. Mazoea yalichukua wiki tatu.

Tulianza na Git, programu ya kutunza historia ya msimbo. Linus Torvalds aliianza Aprili 2005 kwa ajili ya kutunza msimbo wa Linux, na ukiangalia ilivyo unaweza kudhani aliwahi kupanga chumba Ngamiani: historia yote ya kazi iko kwenye diski yako, na kuweka alama ya hatua uliyofika hakuhitaji intaneti hata tone. Mtandao ukirudi unasukuma tofauti tu. Kijana alikuwa na folda tatu mezani, mandhari_mpya, mandhari_mpya_sahihi na mandhari_sahihi_KWELI, na aliniapia kwamba ya tatu ndiyo. Tukazilinganisha. Ya pili ndiyo iliyokuwa na marekebisho ya fomu ya Januari. Ilituchukua jioni nzima kuziunganisha kuwa moja, na node_modules tukaiweka kwenye orodha ya visivyofuatiliwa.

Kilichomvutia hakikuwa historia. Ilikuwa amri ya git status. Siku ya kwanza aliiandika, ikamjibu kwamba amegusa mafaili mawili, haya na haya, akanigeukia akasema, "Kwa hiyo siku ile ningejua." Ndiyo, siku ile angejua, na asingeburuta picha za vyumba zote.

FTP tukaifunga kabisa. Bahati nzuri seva aliyokodi mama inaruhusu SSH, njia salama ya kuingia kwenye seva kwa amri, kwa hiyo tukatumia rsync, programu ya mwaka 1996 ya Andrew Tridgell na Paul Mackerras. Inalinganisha pande mbili na kutuma kilichobadilika peke yake. Na ina tabia moja ambayo kwa mazingira yetu nadhani ndiyo kubwa: faili jipya inaliandika kwanza kwa jina la muda lililofichwa, na likifika lote ndipo inalipa jina halisi. Mtandao ukikatika katikati, faili la zamani halijaguswa. Kwenye Windows haiji yenyewe, tuliipata kwa kuweka WSL, ile njia ya kuendesha Linux ndani ya Windows, na kuipakua kulikula bando la wiki.

Lakini faili moja moja kuwa salama hakutoshi. Kisa chetu hakikuwa cha faili kukatika nusu. Functions.php lilifika zima, header.php lilifika zima. Ubaya ni kwamba yalifika bila mwenzao. Kwa hiyo kila toleo sasa linapanda kwenye folda yake yenye tarehe, na folda ya mandhari inayosomwa na WordPress ni kiungo tu, kidole kinachoonyesha folda fulani. Unapandisha toleo jipya pembeni, lichukue dakika 2 au saa 2, wageni wanaendelea kuona la zamani. Likitimia, unakielekeza kidole kwa amri moja ya ln. Kufumba na kufumbua. Ukiona umekosea, unakirudisha kilipokuwa. Nilimwandikia hati fupi ya mistari 14 inayofanya yote hayo, akaifupisha kuwa 9, na yake ni nzuri kuliko yangu.

Picha za mama tulizipunguza upana hadi pikseli 1600 na kuzigeuza WebP, muundo ambao Google waliutoa mwaka 2010. Zilizokuwa MB 4 zikawa KB mia mbili na kitu. Hilo ni suala la wageni zaidi kuliko la kisa chetu, lakini foleni ingekuwa fupi siku ile, inc ingeliwahi.

Aliniuliza kuhusu Docker, programu ya kufungia tovuti na vyote inavyohitaji kwenye boksi moja. Nikasema siyo sasa. Kwa timu ya watu sita ingekuwa jibu langu la kwanza. Kwa mtu mmoja mwenye tovuti nne za WordPress na bando la kupima, kupakua mamia ya megabaiti ili kuendesha kitu ambacho XAMPP yake, ile seva ya majaribio ndani ya kompyuta, inakiendesha ni anasa. Tulihakikisha tu toleo la PHP la kwake linalingana na la seva.

Pale nilipokosea mimi

Mimi ni mtu wa Vim, kihariri cha zamani. Nimeitumia muda mrefu kiasi kwamba vidole vyangu havikumbuki vingine. Bram Moolenaar aliitoa mwaka 1991 na kuitunza hadi alipofariki Agosti 2023, na karibu seva yoyote utakayoingia utaikuta yeye au nduguye mdogo vi. Inaandika faili la akiba pembeni unapohariri, umeme ukikatika inakuuliza kama unataka kuendelea ulipoachia. Kwa kisa hiki niliona nina hoja ya chuma, nikamshinikiza kijana aache VS Code.

Wiki mbili alijaribu. Kazi ya siku moja ikawa ya siku tatu, na mteja mmoja wa Muheza mwenye kuuza machungwa akaanza kuuliza mbona kimya. Nikamwachia arudi. Kihariri chake hakikuwa na hatia, kilikuwa hata ndicho kilichomwokoa. Nilichukua jambo nililolizoea nikaliita dawa. Alichobaki nacho ni Vim ya kutosha kuingia kwenye seva, kurekebisha mstari na kutoka salama, na viongezi akavipunguza mwenyewe kutoka 61 hadi 17 baada ya kuona kihariri kinafunguka upesi.

Nilimwongezea jambo moja la kizee ambalo halimo kwenye kisa. Mei 12, 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika upande wa Afrika Kusini na intaneti ya Tanzania ikawa ya kubabaisha kwa siku kadhaa. Siku hizo niliendelea kufanya kazi kwa sababu nina mwongozo wa PHP na nyaraka nyingine zimepakuliwa kwenye diski. Tovuti ya DevDocs inakuruhusu kufanya hivyo bure. Kijana akaweka za PHP, CSS na JavaScript. Sijui kama anazisoma.

Zoezi la kurejesha

Nakala ya hifadhidata ya mama ilikuwa ikichukuliwa kila usiku na seva. Sote wawili tuliijua na tuliitegemea, na hakuna kati yetu aliyewahi kujaribu kuirejesha. Tukafanya zoezi Jumamosi moja mwezi wa sita, kwenye kompyuta yake: jifanye seva imeungua, simamisha tovuti hapa.

Ikagoma mstari wa kwanza kabisa wa majedwali. Seva inatumia MySQL 8, programu ya hifadhidata, ambayo mpangilio wake wa kawaida wa herufi unaitwa utf8mb4_0900_ai_ci. XAMPP yake ina MariaDB, ndugu wa MySQL waliyeachana njia, na toleo lile la MariaDB halikuwahi kulisikia jina hilo. Data yote ilikuwepo, nzima, na haisomeki. Tulibadilisha jina hilo ndani ya nakala likawa utf8mb4_unicode_ci, mahali popote lilipotokea, kwa amri moja ya sed, inayobadilisha maneno ndani ya faili, ikapita. Dakika 41 toka mwanzo hadi ukurasa wa kwanza kufunguka, na robo tatu ya muda huo tulikuwa tunasoma ujumbe wa kosa na kubishana. Amri hiyo ya sed ameiandika kwa kalamu kwenye karatasi iliyobandikwa ukutani, juu ya skrini ya kushoto, kwa sababu, alisema, siku ya kuihitaji huenda kompyuta haiwaki.

Umeme ulikatika tena mwezi wa saba, na safari hii nilikuwa nimekaa naye. Alikuwa akipandisha bei za Agosti. Feni ikasimama, skrini mbili zikazima, mpakato ukaendelea, taa za ruta zikaendelea kupepesa kwenye boksi lake la plastiki. Rsync ikamaliza folda. Akakielekeza kidole, akafungua tovuti kwa simu, bei mpya ikatokea. Tukatoka nje kupunga upepo.

Mama alituma mkate wa kumimina wiki ile, wa sinia nzima, kwa dereva wa bodaboda. Hakusema wa nini.

Kibodi bado inawaka upinde wa mvua. Nimemwambia umeme ukikatika azizime zile taa, zinakula betri. Amekataa, anasema gizani ndipo zinapopendeza.